Naomba ushauri: kuingia kwenye redio ya MikroTik nikiwa mbali

Wakuu, habari za jioni. Nina redio ya MikroTik (chapa ya vifaa vya mtandao) juu ya paa hapa Kirumba, Mwanza, inarusha intaneti hadi dukani kwa dada yangu Pasiansi. Ikigoma usiku napanda ngazi na tochi, mvua ya ziwani inanipiga. Nataka niingie kwenye mipangilio yake nikiwa nyumbani Buhongwa. Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, nimezima, maana nywila hupita wazi. Nimeacha SSH (njia kama hiyo ila husimba data) kwenye poti, yaani mlango wa mtandao, 22 na Winbox (programu ya MikroTik ya kupangia kifaa) kwenye 8291, na sasa kwenye logi, yaani kumbukumbu za kifaa, naona anwani za IP nisizozijua zikijaribu kuingia kama "admin". Inanitisha kweli. Niruhusu anwani yangu tu, wakati anwani ya laini ya simu hubadilika? Au niweke WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuunganisha), maana ninayo RouterOS 7, mfumo endeshi wa MikroTik? Halafu umeme ukikatika saa inarudi 1970, logi hazisomeki. NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao) niipangeje?