Kununua kichwa cha lori Texas ukiwa Ohio: nisaidieni kabla sijalipa

Kutoka: Columbus, Ohio

Habari za siku ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naomba ushauri wa haraka kidogo. Nimeendesha lori la kampuni muda sasa na nataka kichwa changu mwenyewe. Nimekiona kimoja mtandaoni, Freightliner Cascadia ya 2019, injini ya DD15, maili 480,000, kiko kwenye yadi moja karibu na Dallas, bei dola 36,000. Huku kwetu vya aina hiyo naona bei iko juu na vingi kutu imeshavila chini. Jamaa wa yadi mchangamfu sana kwenye simu, kanitumia picha nyingi, kichwa kinang'aa kweli, ila anasema kuna mteja mwingine anakitaka kwa hiyo nitume dola 2,000 leo leo anishikie, halafu iliyobaki niingize kwenye akaunti yao ndo wakiachie. Hela yenyewe sehemu ni akiba yangu na sehemu ni ya binamu zangu wawili. Kazini sijapata ruhusa ya kwenda Dallas wiki hii. Nyinyi mngefanyaje?


Kutoka: Indianapolis

Marahaba mdogo wangu. Usitume hata senti leo. Sisemi hiyo yadi ni ya matapeli, siijui, ila hiyo habari ya mteja mwingine anaambiwa kila mtu, na Cascadia za mwaka huo zenye maili hizo ziko nyingi sokoni, ikienda hiyo utapata nyingine.

Msimamo wangu ni huu, na ninausema kwa nguvu kwa sababu nimeona watu wetu wakilia: gari likiwa mbali, pesa isitoke mpaka lionwe na watu wawili, mmoja ni mtu wetu anayeishi mji ule ule, wa pili ni fundi wa dizeli unayemlipa wewe, si wa yadi. Wote wawili. Mtu wetu akienda peke yake atakwambia taa zinawaka na kitanda kisafi, na fundi akienda peke yake atakagua injini nzuri ya gari ambalo anayekuuzia wala si mwenye nalo. Na sisi Mungu katujalia, hakuna jimbo hapa Marekani utakosa Mswahili, Dallas na Fort Worth ndo usiseme, sasa mtu anatuma maelfu ya dola kwa sauti ya kwenye simu wakati kuna dada yetu anakaa dakika ishirini kutoka hapo?

Anza na yadi yenyewe. Siku hizi matapeli wanachukua jina la yadi halali, anwani yake, picha za magari yake, mpaka namba ya leseni, wanachobadilisha ni simu na akaunti ya benki basi. Ukitafuta mtandaoni utaona yadi ipo na watu wanaisifia, kumbe unayeongea naye yuko kwingine kabisa. Leseni za wauza magari Texas zinatolewa na Texas DMV, idara ya magari ya jimbo, na unaweza kuitafuta yadi kwenye tovuti yao. Halafu piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, achana na ile ya kwenye tangazo, waulize kama wana kichwa chenye namba hii ya chesisi.

Hiyo namba ya chesisi, VIN, ina herufi na tarakimu 17. Omba picha ya bati la mlangoni, picha ya ile iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi, na picha ya hati ya gari pande zote mbili, zote zifanane herufi kwa herufi. Kwenye hati angalia jina la mwenye gari, angalia kama kuna benki bado inadai (kama ipo unataka barua ya benki kwamba deni limeisha, maneno ya mdomo hapana), angalia na alama za salvage (lilihesabiwa limeharibika kabisa) au rebuilt (likaundwa upya). Usiishie hapo, maana kuna watu wanahamisha gari jimbo hadi jimbo mpaka alama inapotea kwenye karatasi. Lipia ripoti ya NMVTIS, ule mfumo wa taifa wa hati za magari, hela yenyewe ndogo tu. Texas hasa nawaza mafuriko. Kimbunga Harvey cha 2017 kiliyazamisha magari mengi sana Houston, na dhoruba hazijaisha tangu hapo, lori lililolala kwenye maji linaweza kuwaka vizuri leo halafu waya zikaanza kuoza mwakani ukiwa katikati ya Wyoming na mzigo wa watu. Mtu wetu aingize mkono chini ya kitanda na nyuma ya dashibodi atafute tope, na soketi za waya azichomoe kidogo aone kama shaba imegeuka kijani.

Sasa hizo maili 480,000. Sikiliza vizuri hapa maana wengi wamezoea kununua Camry na wanadhani sheria ni zile zile. Magari yenye uzito wa zaidi ya ratili 16,000 yamesamehewa na sheria ya taifa ile hati ya kuapa odometa, kwa hiyo kwenye karatasi utakuta wameandika exempt, yaani limesamehewa, na muuzaji hajavunja sheria yoyote. Ile karatasi ya dirishani inayosema gari lina warranti au halina, nayo haiyahusu malori makubwa. Na hakuna siku tatu za kurudisha gari, hiyo imani imeenea sana na haina ukweli, ukisaini as is, yaani kama lilivyo, umeondoka nalo na matatizo yake yote.

Kwa hiyo ukweli uko kwenye kompyuta ya injini. Fundi anachomeka, anatoa ripoti, unaona maili za injini yenyewe, saa zote ilizowaka, saa ilizounguruma imesimama tu, na makosa yaliyowahi kujitokeza. Gawanya maili kwa saa. Lori la safari ndefu linakupa kama maili 45 mpaka 50 kwa saa. Likikupa 30 ujue limekaa sana likiunguruma bila kutembea, labda dereva alilala humo na AC ikiwaka usiku kucha miaka yote, na injini inazeeka kwa saa hizo hata kama odometa imelala. Uliza pia makosa yamefutwa lini. Kama yamefutwa juzi mtu alikuwa anaficha kitu.

Mambo ya fundi sitayamaliza hapa lakini mwambie afike injini ikiwa baridi, na yadi waambiwe wasiiwashe kabla, maana injini mbovu ikishapashwa moto inajificha. Afungue kifuniko cha kujazia oili ikiwa inaunguruma aone moshi unavyosukuma. Achukue sampuli ya oili ipelekwe maabara, majibu yatakuonyesha kama kuna maji ya rejeta au vyuma vinasagika ndani. Aangalie DPF, kile kichujio cha moshi, imejaa masizi kiasi gani na inayachoma kila baada ya muda gani, na ahakikishe mfumo wa DEF (kile kimiminika cha kusafisha moshi) na ekzosi uko kamili, haujakatwa. Ukiambiwa "tumeshakuondolea usumbufu wa DEF" kimbia, ni kosa la sheria ya taifa na siku ukitaka kurudisha vifaa utalia. Tairi za mbele zisipungue 4/32 ya inchi na za nyuma 2/32, chini ya hapo mizani wanakusimamisha. Ukaguzi wote huo ni dola mia kadhaa. Ovaholi ya injini ni zaidi ya dola elfu ishirini. Hesabu hiyo sihitaji kukufanyia.

Na kabla ya yote hayo, unakwenda kubeba mizigo chini ya nani? Kama unaingia kwenye kampuni ya mtu waulize kwanza wanakubali lori la mwaka gani, wengine wana kikomo. Kama ni mamlaka yako mwenyewe, yaani kibali cha serikali cha kubeba mizigo kwa jina lako, basi tafuta bei ya bima leo kabla hujafikiria lori, sheria inataka angalau dola 750,000 ila madalali wa mizigo karibu wote wanataka milioni moja, na mtu mpya anaweza kulipa zaidi ya dola elfu kwa mwezi. Kuna watu walinunua lori zuri likakaa nje ya nyumba kwa sababu ya bima tu.


Kutoka: Irving, Texas

Mdogo wangu hiyo yadi nitumie anwani, mimi kazi naingia jioni, asubuhi niko huru, nitapita na mume wangu naye anaendesha. Tutakupigia video koli tukiwa tumesimama mbele ya gari, si kwa simu yao, kwa simu yetu. Naomba tu usiwaambie tunakuja saa ngapi. Fundi wa kutembea yupo ambaye wengi huku tunamtumia, Mmeksiko, hana urafiki na yadi yoyote, nitakuunganisha naye umlipe wewe mwenyewe moja kwa moja ili ripoti ije kwako.


Kutoka: Minneapolis

Niaje wadau. Mzee wa Indianapolis ameongea vizuri, mimi naongeza tu mambo mawili. Hio story ya rust ni kweli, magari ya kutoka Texas na Arizona chini huwa safi sana, huku kwetu chumvi ya barabarani inakula mpaka paipu za breki, so kwenda mbali si ujinga, na hata ukiongeza fare ya ndege bado unaweza kuwa mbele.

Ya pili ni pesa ya cousins. Andikeni. Leo mkipendana, andikeni ni mkopo ama ni hisa, lori likikaa gereji mwezi mzima nani analipa, likiuzwa wanagawana aje, na jina gani linaenda kwa hati. Nimeona familia ya watu wazuri hawaongei mpaka leo juu ya lori moja, na hakuna aliyekuwa mwizi, ni vile tu hawakuandika. Na kama CDL yako, leseni ya lori, inategemea kibali cha kazi, hio pia wafahamishe, sheria zake zilibadilishwa September 2025 na zikaingia kortini, ni haki yao kujua hio risk kabla watoe pesa.


Kutoka: Columbus, Ohio

Wakubwa asanteni sana, dada wa Irving Mungu akubariki na shemeji. Yadi ni ya kweli na hati ni safi, ila kompyuta ya ile 2019 imetoa saa 15,800. Nikigawanya naona maili 30 kwa saa. Na makosa ya DPF yamefutwa wiki iliyopita. Kwenye yadi hiyo hiyo fundi kakagua nyingine, ya 2020, maili 510,000, saa 10,900, oili maabara wamesema safi, tairi za nyuma ndo zimechoka, wanataka 41,000. Nimechanganyikiwa maana ile ya kwanza wameshuka mpaka 33,000.


Kutoka: Indianapolis

Usichanganyikiwe. Saa 15,800 kwa mwendo wa kawaida ni saa za lori lililotembea maili laki saba na nusu, hiyo ndo injini unayouziwa kwa 33,000, na juu yake wamekuficha DPF. Iache. Hiyo ya 2020 inakupa karibu 47 kwa saa, hiyo ni gari la barabarani. Wape 38,000 ukitaja zile tairi, waonyeshe ripoti ya fundi, wakigoma kwenye 39 bado si mbaya.

Ukikubaliana, kila walichoahidi kiandikwe kwenye karatasi ya mauzo pamoja na VIN, tarehe, bei na maili. Ada za karatasi (doc fee) na ada za maandalizi ziwekwe mezani kabla, bei mnayosaini iwe ndo bei ya kutoka getini. Omba ruhusa kazini uende mwenyewe, toa hundi ya benki kwenye tawi la benki yako huko huko Dallas na uikabidhi kwa mkono huku unapokea funguo na hati. Wakisema hati itafuata kwa posta, pesa nayo ifuate kwa posta.

Wasikutoze kodi ya Texas kabla hujaongea na mhasibu, Ohio wana msamaha wa kodi ya mauzo kwa malori ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo, unajaza fomu. Namba za kusafiria nazo angalia, tangu Julai 1, 2025 Texas wameacha zile za karatasi, yadi inatoa za chuma, ukipewa karatasi simama hapo hapo uulize. Bima ianze siku unayokabidhiwa funguo, si siku unayofika nyumbani. Rudi na lori tupu, usikubali mzigo wowote njiani hata kama dalali anakubembeleza, mpaka uwe na namba zako za IRP, zile za malori yanayovuka majimbo, na kama kuna jimbo linataka kibali cha muda wa kupita kinunue mtandaoni kabla ya mpaka.

Ukifika Columbus kwanza wakague VIN kwa sababu hati ni ya nje ya Ohio, halafu unakwenda ofisi ya hati ya Clerk of Courts wa kaunti, ndo upate hati ya jina lako. EIN, namba ya kodi ya biashara, iombe leo, ni bure kwa IRS, utaihitaji kwa fomu 2290 ya kodi ya malori mazito na namba yako ya Social haifanyi kazi hapo. Lori la ratili 80,000 ni dola 550 kwa mwaka mzima kuanzia Julai, na mwisho wa kulipa ni siku ya mwisho ya mwezi unaofuata ule ulioanza kulitumia barabarani. Siku 60 za kwanza karatasi ya mauzo inatosha kukusajilia hata kabla hujapata stempu ya IRS kwenye hiyo fomu, kwa hiyo itunze vizuri.

Safari ni kama maili 1,050, Little Rock, Memphis, Nashville, Louisville, Cincinnati. Usiimalize siku moja. Simama kila baada ya masaa kadhaa ya mwanzo, gusa vitovu vya tairi kama kuna kinachochemka kuliko vingine, angalia chini kama kunavuja, maana matatizo ya gari jipya kwako yanajitokeza humo. Nambie siku unayoondoka Dallas, Louisville nina shemeji mwenye uwanja mkubwa, utaegesha kwake na utakula ugali.