Mgonjwa akitaka kuaga, tumwambie "usikiri mauti"?

Migombani (Moshi)
Wakuu, nauliza nikiwa bado na uchungu, mniwie radhi. Baba alilazwa na kansa ya koo. Ikafika mahali hata mtori haushuki, unampa kijiko kimoja anakaa nacho mdomoni weee. Wiki ya pili akaanza kudai daftari lake la bluu, lile la madeni na mipaka ya shamba. Dada yangu, ambaye ni mwombaji hasa, akamkatiza: "Baba, usikiri mauti. Sema sitakufa bali nitaishi." Kikundi cha maombi kikaitikia amina. Baada ya siku mbili akadai tena, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu hakusema kitu, alinyoosha tu kidole kuelekea kwenye begi, tukampa maji.

Tumemzika nyumbani kihambani. Wiki haijaisha, kaka mkubwa na baba mdogo hawasalimiani kwa ajili ya kipande cha chini, kule kwenye mfereji.

Uwezo wa Mungu siubishii. Lazaro alitolewa kaburini siku ya nne, na baba yangu naye atafufuka, hilo ndilo linalonifanya nilale usiku. Ninachouliza: kumfunga mdomo mgonjwa mahututi asitaje kifo chake ni imani, au ni woga wetu tumeuvalisha kanzu?

Mama Njiro (Arusha)
Bwana Yesu asifiwe. Pole sana kaka, lakini usimhukumu dada yako. Yairo aliletewa habari kwamba binti amekwisha kufa, asiendelee kumsumbua Mwalimu. Yesu akamwambia usiogope, amini tu. Na alipofika nyumbani, kabla hata hajamshika binti mkono, aliwatoa nje wote waliokuwa wakilia. Kwa nini awatoe? Kwa sababu maneno yanayozunguka kitanda si maneno matupu. Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, Mithali 18:21.

Mimi ninayeandika hapa niliwahi kuitiwa ndugu waje kuniaga. Mama mkwe akasimama mlangoni, akasema humu haingii mtu wa kuaga. Leo nauza vitenge Kilombero sokoni. Siku zile ningesikia watu wanajadili kiwanja changu pembeni yangu, nisingekuwepo.

Kijana wa Stendi
Mmesahau Majengo? Februari 2020, hapo hapo Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kugombea kukanyaga mafuta ya upako. Na kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kule Samunge 2011, shilingi 500, wagonjwa wanatoka wodini kwenda kupanga foleni porini. Imani za namna hii zina makaburi yake.

Mama Njiro (Arusha)
Wewe unachanganya mambo. Huyo mzee alikuwa hospitali na dawa alipewa. Nani kamzuia kutibiwa?

Migombani (Moshi)
Hapo dada uko sahihi. Hatukumtoa hospitali hata siku moja. Swali langu ni dogo kuliko Majengo, ni la daftari.

Mzee wa Usharika (Machame)
Wanangu, hamjambo. Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu, nimesimama kando ya vitanda vingi, niruhusuni nirefushe kidogo.

Someni 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa karibu na kufa, Isaya anaingia na neno la Bwana: "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Aliyetamka kifo mle chumbani ni nani? Ni Mungu mwenyewe, tena akaanza na habari za nyumba. Mfalme akageukia ukutani, akaomba, akalia, akaongezewa miaka 15. Agizo la nyumba na uponyaji viko kwenye sura moja, wala agizo halikuuzuia uponyaji.

Halafu Yusufu. Huyu alimkimbia mke wa Potifa, alitafsiri ndoto za Farao, aliwalisha watu wakati wa njaa. Lakini Waebrania 11:22 inapotaja imani yake inachukua kipi? Alipokaribia mwisho wake aliagiza habari ya mifupa yake. Yaani wasia! Huo ndio umehesabiwa kuwa imani.

Mama Njiro (Arusha)
Shikamoo mzee. Lakini Hezekia alilia, hakutafuta karani.

Mzee wa Usharika (Machame)
Marahaba mwanangu. Na alie. Ninachosema ni kwamba baada ya kulia, mpeni kalamu.

Mkibosho
Tumsifu Yesu Kristo. Msidhani ni walokole peke yao. Kwetu padri akionekana anaingia kwa mtu na mafuta, majirani wanaanza kuulizana turubai litatoka wapi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu, lakini bado tunamwita padri mgonjwa akiwa hasikii tena, eti asiogope.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Niwaambie hao wagonjwa mnaowafunga mdomo wanamwambia nani. Wanatuambia sisi. Ndugu wameondoka, wimbo umekwisha, saa nane usiku mtu anakuita: "Nesi, kuna mtu namdai laki mbili, andika namba yake." Mara ngapi nimeandika madeni ya watu nyuma ya kipande cha boksi la glovu! Asubuhi ndugu wakija anajikausha, anaitikia amina kama wengine. Wengi wao wanajua. Wanatulindia sisi moyo.

Migombani (Moshi)
Nesi umenimaliza.

Niongeze jambo moja. Tumeelezwa kwamba kwa sheria za mila, wasia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Siku ile ya daftari kitandani palikuwa na waombaji tisa, mimi, dada na shangazi. Mashahidi tulikuwa nao mpaka wa kubaki, tumewafumbisha macho.

Mama Njiro (Arusha)
Kaka, hilo limenigusa, sikatai. Hata hivyo mimi mgonjwa wangu nitamwambia ataishi mpaka pumzi ya mwisho, na akitaka daftari nitampa huku namwambia hivyo hivyo. Sioni kwa nini nichague.

Sasa dada yako yeye yukoje? Umeandika kote kuhusu shamba.

Migombani (Moshi)
Kwenye kikao cha ukoo hakutokea. Shemeji anasema dada hapati usingizi, anarudia tu kwamba baba alinyoosha kidole na yeye akampa maji. Ngoja nimpigie.