Bendera za maombi kwa Pentekoste: kitambaa gani, na tuanzie wapi?

BintiUsharika
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Umoja wa wanawake wa usharika wetu hapa Arusha tumepewa kazi ya kuandaa kitu cha mkono kabla ya Pentekoste, ambacho watashiriki wote, watoto mpaka wazee. Limetoka wazo la bendera za maombi: kila mtu anapewa kitambaa, anaandika au kuchora ombi lake, kisha zote zinatungwa kwenye kamba na kutundikwa kanisani. Tunakadiria watu 150. Ila mzee mmoja wa kanisa ana wasiwasi, anasema hayo ni mambo ya Wabudha. Tununue kitambaa gani, na huyo mzee wetu nimweleze nini?

FundiPindo
Asifiwe milele, dada. Mimi ni fundi cherehani, na tulishazishona usharikani kwetu upande wa Moshi.

Chukua marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Tetroni, yaani ya polista, inavutia dukani lakini rangi haiingii vizuri. Kabla ya kukata, iloweke usiku kucha, ifue kwa sabuni, uianike. Marekani mpya ina wanga, usipoutoa rangi haishiki, na ikifuliwa mara ya kwanza hunywea. Upana ukiwa sentimita 150, kata vipande vya 25 kwa 30: unapata sita kila mstari. Watu 150 ni mistari 25, yaani mita 7 na nusu. Nunua tisa, kwa ajili ya kunywea na ya watoto watakaotaka kuanza upya. Juu kunja sentimita tano, piga mshono mmoja, hapo ndipo kamba inapita. Kamba ya katani inakwaruza, tumia utepe wa pamba: mita nne kwa bendera kumi, pamoja na ncha za kufungia.

Sasa ninaloomba mlizingatie kuliko yote. Mtu akiambiwa andika ombi lako, ataandika mazito: ndoa, madeni, majibu ya hospitali. Kikitundikwa, usharika mzima unasoma. Sisi tulikata viraka vyekundu vya ukubwa wa kiganja. Mtu anaandika katikati ya bendera kwa penseli (wino wa kalamu ya maka unapenya hadi nyuma), anafunika kwa kiraka yeye mwenyewe, anabana pini, ndipo analeta kwenye cherehani. Mimi naona wekundu tu, napiga mshono pande zote nne. Juu ya kiraka anachora apendavyo, njiwa au ndimi za moto. Bibi mmoja asiyejua kuandika alichovya kidole kwenye rangi, akaweka alama moja kwa kila mjukuu huku akiwataja polepole, akafunika. Nilimshonea bila kuuliza kitu.

MwalimuWaKipaimara
Mzee wenu ana hoja, msimpuuze. Bendera za Watibeti hupigwa chapa kwa vibao vya mbao, na zina rangi tano kwa mpangilio: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano, yaani anga, hewa, moto, maji na ardhi. Wanaamini upepo unapozipitia husambaza baraka. Hiyo ni ibada yao kamili, na kuiheshimu ni kutoiiga. Acheni zile rangi tano, bakini na nyekundu ya Pentekoste.

Kisha someni naye 2 Wafalme 19:14. Hezekia alipopokea barua ya vitisho kutoka kwa Waashuri, alipanda nayo nyumbani mwa Bwana akaikunjua mbele zake. Ombi lililoandikwa, likaletwa hekaluni: ndicho mnachofanya. Mimi ningemwomba mzee huyo huyo aongoze sala siku ya kutundika.

BintiUsharika
Mungu awabariki, la viraka sikuwa nimelifikiria kabisa. Je, nje hazitaharibika? Masika huku bado hayajaisha.

FundiPindo
Tundikeni ndani, nguzo hadi nguzo, mbali na feni. Rangi ikikauka, piga pasi ya moto upande wa nyuma, bila maji. Na wagonjwa walioko majumbani wapelekewe vitambaa mapema kupitia jumuiya zao, pamoja na penseli, pini na kiraka, ili virudi kabla hamjaanza kutunga kamba. Sisi hao ndio waliotuma vya kwanza.