Tupeane uzoefu: dawa za pumu na tabia za watoto wetu wadogo

Mama Mbili (mleta mada)

Wazazi wenzangu, salaam. Mwanangu ana miaka minne. Inhela yake ya kuzuia pumu anavuta asubuhi na jioni kwa spesa (kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa na inhela) yenye barakoa, mwaka wa pili sasa, hana neno. Wiki saba zilizopita daktari akamwongezea montelukast, kile kidonge cha kutafuna cha miligramu 4, kila jioni. Kitamu. Mtoto mwenyewe ndiye alikuwa ananikumbusha.

Usiku wa tisa tangu aanze kidonge (hesabu nimekuja kuifanya baadaye) nikasikia ukelele. Nikamkuta amesimama kitandani, mgongo ukutani, ananyooshea pazia kidole: "Mtoe huyo! Mtoe!" Macho wazi lakini mimi hanioni. Nikavuta pazia aone hakuna mtu, akanizaba kofi. Asubuhi hakumbuki chochote. Tukasema jinamizi tu, watoto huweweseka. Kesho yake tena, saa nane ileile. Ikafika mahali naamka kabla yake, nakaa gizani namsubiri.

Mchana nao ukageuka. Mtoto ambaye huomba ruhusa hata kushika mwanasesere wa dada yake akaanza kung'ata. Siku moja alimng'ata dada yake begani, alama za meno zikabaki mpaka jioni, kisha akaketi chini akalia: "Mama, sijui kwa nini." Hapo ndipo nilipoitafuta ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi, ambayo sijawahi kuisoma maishani. Ndoto mbaya, hasira, kuhangaika, kutembea usingizini, vyote vimeandikwa. Nikampigia daktari. Akaniambia kidonge niache leo leo, inhela niendelee nayo kama kawaida, nimpeleke mtoto wiki hiyohiyo.

Leo ni usiku wa nne bila kidonge. Nani kapitia haya? Semeni dawa gani, mtoto alikuwa na umri gani, na ilichukua muda gani kutulia.

Baba Pacha

Pole sana mama. Mimi nina kisa cha prednisolone, ile dawa ya steroidi ya kunywa. Pacha mmoja alibanwa kifua, akapewa ya siku tano. Siku ya pili nyumba ilikuwa haikaliki. Mtoto wa miaka mitatu analia dakika arobaini kwa sababu mshono wa soksi umekaa upande. Anakula, anamaliza, anadai sahani ya mwenzake. Saa sita usiku yuko macho anaimba. Kumbe na sisi tulichangia, dozi tulikuwa tunampa jioni tukirudi kazini. Mfamasia akatuuliza kwa nini tusimpe asubuhi akishakula. Tukahamisha, usingizi ukarudi, ingawa ununaji haukwisha mpaka dawa yenyewe ilipoisha. Siku mbili baadaye alikuwa mtoto yule yule. Ile kozi fupi ilimtoa kwenye hatari, kwa hiyo siilaumu, ila mtu angetuonya mapema tusingegombana mimi na mke wangu kuhusu malezi.

Bibi wa Wajukuu Watano

Huyo wa soksi kanichekesha, samahani baba. Kwetu ilikuwa sharubati ya salbutamol, dawa ya kufungua kifua. Mjukuu anatetemeka vidole, anapanga matofali yake ya kuchezea, la tatu halikai, anayafagia yote kwa mkono. Anazunguka meza kama kishada. Tukamwita mtukutu, maskini. Daktari mwingine alipotuona na chupa akapiga hesabu mbele yetu: kijiko cha mililita 5 cha ile sharubati kina miligramu 2, yaani mikrogramu 2,000. Mpulizo mmoja wa inhela ni mikrogramu 100, na unakwenda moja kwa moja kifuani badala ya kuzunguka mwili mzima. Tukahamia inhela na spesa. Akipulizwa mingi siku ya kubanwa bado anachangamka kupita kiasi na moyo unamdunda, lakini ndani ya saa chache yameisha.

Mgeni Kidogo

Nipo hapa nasoma. Wangu kaanza montelukast juzi.

Mama Nuru

Wakuu, tusitishane. Binti yangu ametumia montelukast miaka miwili, analala fofofo, tabia hazikubadilika hata kidogo. Wengi wanaitumia bila shida. Halafu niseme ukweli unaoniuma. Mwaka juzi nilisoma mambo kama haya, nikaogopa kila kitu, nikamwachisha hata inhela yake ya kuzuia bila kumuuliza mtu. Wiki ya tatu tulilala hospitali na oksijeni. Kwa hiyo mama anayesoma hapa usiku na simu mkononi: dawa unayoishuku mpigie daktari kwanza, na usizitupe zote kwa mpigo.

Nesi wa Watoto

Nimefanya kazi wodi ya watoto muda mrefu, nawaongezea kidogo tu. Montelukast imekuwa sokoni tangu 1998, na Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea onyo lake kali kuliko yote, lile linalozungushiwa mistari ya kisanduku kwenye maelezo ya dawa, kwa sababu ya mambo haya ya akili na tabia, yakiwemo mawazo ya kujidhuru. Uingereza nao 2024 wakataka onyo lionekane zaidi. Yamewapata hata wasiokuwa na historia yoyote ya matatizo ya akili, na kwa wachache dalili zilionekana au ziliendelea baada ya kuacha. Kwa hiyo Mgeni Kidogo, usiogope, ila andika. Daftari dogo: tarehe ya kuanza, analalaje, mwalimu anasemaje. Daktari hawezi kubishana na tarehe.

La pili, na hili naomba mlishike. Mtoto aliyebanwa halafu anahaha, hatulii, hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, huyo msiseme "ni dawa zinamchangamsha". Hewa haimtoshi. Hospitali, tena mbio. Na akinyamaza ghafla au midomo ikiwa ya bluu ndiyo hatari zaidi.

Baba Msomi

Kwangu ilikuwa kinyume. Mwalimu wa chekechea alilalamika mtoto hasikilizi, anapigana, anasinzia. Tukaishuku budesonide, dawa ya kuzuia pumu aliyoanza kuvuta. Daktari akauliza swali moja: usiku anakohoa mara ngapi? Tukatazamana. Tulikuwa tumeshazoea kile kikohozi, hatukisikii tena. Kumbe spesa tulikuwa tunamshikia barakoa ikiwa imepinda, dawa inaishia hewani. Tulipofundishwa upya, kikohozi kikakata baada ya wiki kadhaa, mtoto akalala, malalamiko ya mwalimu yakaisha. Hatukubadilisha dawa.

Mama Mbili (mleta mada)

Asanteni sana, nimesoma yote. Bibi, na sisi tulishamwita mtukutu, hauko peke yako. Nesi, daftari nimeanza, japo nimelianza mwishoni.

Tulienda kwa daktari jana. Kidonge hakirudi, na ameandika kwenye faili lake kwamba asipewe tena. Ameangalia jinsi anavyovuta inhela, akaturekebisha barakoa (Baba Msomi, na sisi pia!), tutarudi baada ya wiki nne kuona kama inatosha peke yake. Dada yake nimemweleza kwamba ile ilikuwa dawa. Akafikiri, akaniuliza: "Sasa nani ataniomba msamaha, dawa?" Sikuwa na jibu.

Usiku wa nne na wa tano aliweweseka kidogo, akageuka, akaendelea kulala. Jana saa nane nilikuwa macho kama mlinzi. Akaamka, akaniona nimekaa pale gizani, akashtuka yeye: "Mama, unafanya nini hapo?" Akaomba maji, akanywa, akalala.