Tupeane uzoefu: shoti ndogo unapounganisha PlayStation na kompyuta, na eathi katika nyumba zetu za Mwanza

Ndugu zangu, naomba tukusanye uzoefu kuhusu ile shoti ndogo inayouma vidole pale unapoegemea chuma cha kompyuta ya mezani huku ukichomeka kebo ya HDMI (ya picha na sauti) au kapcha kadi (kifaa cha kurekodi gemu kwenye kompyuta) kutoka kwenye PlayStation. Katika nyumba niliyopanga Mabatini hali hiyo ilikuwa ya kila siku, na fundi alipofungua soketi tulikuta tundu la eathi, yaani la waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, halina waya wowote nyuma yake.

Ndani ya pawasaplai ya kompyuta kuna kapasita ndogo za kuchuja umeme, zinazounganisha waya wa moto na nyutro na kasha la chuma. Eathi ikiwepo, umeme huo kidogo hushuka ardhini bila mtu kujua. Isipokuwepo, kasha hubaki na takribani nusu ya volti 230, na ingawa mkondo wake kwa kawaida haufiki miliampia moja, volti hizo zinaweza kupita kwenye tundu la HDMI, ambalo saketi zake zimeundwa kwa volti 5 au pungufu. PlayStation 5 na PlayStation 4 nyingi hutumia waya wa pini mbili usio na eathi kwa makusudi, kwa hiyo anayedhani kwamba kifaa hicho kitaikinga kompyuta hajaelewa kazi yake.

Kinachoniumiza zaidi ni plagi za Ulaya tunazozilazimisha kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchomeka kalamu tundu la juu. Eathi ya plagi hizo iko kwenye vibati vya ubavuni, ambavyo haviguswi na chochote ndani ya soketi yetu, hivyo kompyuta inawaka vizuri kabisa ikiwa haina kinga. Tafadhali tuache kabisa tabia hiyo. Kabla ya kuunganisha kebo, chomoa vifaa vyote viwili ukutani, unganisha kwanza, kisha viwashe kupitia eksitensheni moja yenye eathi iliyopimwa.

Mchangiaji wa Igogo: Nina banda la gemu mlimani, na fimbo ya eathi ilikuwa imegonga mwamba ikaishia kuingia kina cha kiganja tu, huku sehemu iliyobaki ikiwa imekatwa na kufunikwa kwa saruji. Fundi mwingine alitufukia ukanda wa shaba kwa ulalo, upande wa chini ambako udongo ni mzito na hukaa na unyevu, na tangu hapo wateja hawalalamiki tena.

Mchangiaji wa Igoma: Ninaongeza suala la dishi. Waya wake ukifika kwenye televisheni iliyounganishwa na kompyuta, radi zinazotoka ziwani usiku hupata mlango wa pili, kwa hiyo kuchomoa plagi peke yake hakutoshi. Mimi huchomoa na waya wa dishi.

Ahsanteni sana. Kwa walio Capri Point, Kirumba na kwingine kwenye mawe: nani amepimiwa ukinzani wa eathi kwa kifaa chake maalumu, si kwa tesita ya mfukoni, akapata omu ngapi, na fundi alifanya nini pale mwamba ulipomzuia?