Utabiri wa theluji Aprili hii: jana inchi 12, leo 3. Niamini ipi?

ShiftiYaUsiku
Habari zenu wakuu, niko Brooklyn Park hapa Minnesota, kesho usiku nina shifti kwenye nyumba ya wazee. Jana apu ya simu iliandika inchi 12, leo asubuhi 7, sasa hivi 3, na dada yangu yuko Burnsville, nusu saa hivi kwa gari kusini kwangu, yake imeganda palepale kwenye 12. Inakuwaje? Na nyasi hapa nje zimeshaanza kuwa kijani, si itayeyuka tu ikigusa chini? Nikalale kazini ama nisubiri nione?

Kipimamvua
Pole dada. Theluji ya Aprili mara nyingi inashuka kwa mkanda, yaani hewa ya joto yenye unyevu inatoka kusini inakutana na baridi, pale zinapobanana inapanda juu kwa nguvu na chini yake inamwagika inchi moja hata mbili kwa saa. Huo mkanda ni mwembamba, unaweza kuwa kilomita 50 tu, na upande wa kaskazini kuna hewa kavu kutoka Kanada inaila theluji kabla haijafika chini, ndo maana unaona rada imejaa rangi na dirishani hakuna kitu. Sasa wewe uko kwenye ukingo wa huo mkanda na dada yako yuko katikati. Modeli, yaani programu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa, ikiusogeza kilomita 20 kusini wewe unatoka 12 unabaki na 3, yeye hata hashtuki.

Achana na ile namba moja ya apu. Nenda tovuti ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, kuna ramani ya uwezekano, inakuonyesha kiwango cha chini na cha juu cha mji wako. Modeli ya Ulaya pekee inaendeshwa mara 51 kila awamu, kila moja inaanzia tofauti kidogo, majibu yake kwako yanatawanyika na kwa dada yako yanakubaliana.

BabaLori
Kuhusu kuyeyuka usijidanganye mdogo wangu. Mchana ikishuka taratibu sawa, jua la Aprili linaimaliza, lakini usiku ikimwagika inchi kwa saa lami inafunikwa tu. Tena ikianza kama mvua, zile chembe zikiyeyuka angani zinanyonya joto la hewa mpaka inafika sifuri, halafu yote inageuka theluji. Aprili 2018 ilipopiga inchi 15.8 hapa Minneapolis mimi nilikuwepo, ile si theluji ya unga ya Januari, ukiifinya mkononi inachuruzika maji, inang'ang'ania kwenye koleo hadi uigonge chini ndo itoke. Mgongo uliniuma wiki nzima. Matawi yalivunjika, na yakiangukia nyaya umeme unakatika, kwa hiyo chaji simu mapema.

Kipimamvua
Na kesho jioni angalia vitu viwili tu, nyuzi joto na upepo. Upepo wa kaskazini mashariki ukizidi kuwa mkavu, mkanda utabaki kusini.

ShiftiYaUsiku
Asanteni sana. Nimefungua hiyo ramani, chini ni 1 juu ni 11. Wale wazee hawawezi kubaki bila mtu, nimeshaomba kitanda, naingia saa kumi jioni kabla haijaanza.

ShiftiYaUsiku
Saa tisa usiku. Mvua imenyamaza ghafla, nimechungulia dirishani, taa ya parking haionekani.