Naombeni ushauri: Chromebook inabeba kazi za steshenari? Nina hadi Jumamosi

BintiMwanjelwa:
Habari zenu wakuu. Niko Mbeya, nina steshenari ndogo karibu na chuo. Nachapa barua, wasifu wa kazi, kadi za michango ya harusi, na msimu huu wanachuo wananimiminikia na tafiti zao. Kompyuta yangu ni ya mezani. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika nikiwa kwenye sura ya nne ya binti mmoja, kurasa kumi na nane, na mwenyewe amekaa kwenye benchi ananisubiri. Sikuwa nimehifadhi. Alilia, na mimi nikalia naye.

Sasa nataka kununua hizi Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google, nyepesi, chaji inakaa kutwa, kazi zinafanyika mtandaoni na zinajihifadhi zenyewe. Naweza kuachana kabisa na ile ya mezani? Nitumie programu gani? Nina hadi Jumamosi kuamua na usingizi sipati.

KijanaWaMatola:
Chukua laptopu ya Windows hata ya mtumba, utulie. Hizo ni za watoto wa shule.

MzeeWaKahawa:
Pole mwanangu. Mwaka 1991 nikiwa karani tulikuwa tunachapa kwa taipu juu ya stensili. Ukikosea herufi unapaka ile dawa ya kufutia, unapuliza ikauke, unagonga tena taratibu. Umeme ukatike usikatike, hatukuwa na habari nao. Kidole changu cha shahada hadi leo kimepinda kidogo kwa ile kazi. Mungu atakufungulia njia.

FundiMita:
Dada, mimi natumia Chromebook mwaka wa nne huu, acha nijibu ulichouliza.

Kuchapa inaweza. Google Docs inahifadhi kila unapogonga herufi, na hata bando likiisha unaendelea, ila lazima uwashe kabla ile sehemu ya kufanya kazi bila mtandao ukiwa bado hewani. Wengi wanaikumbuka wakati mtandao umeshakata. Word ya mtandaoni nayo ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, ila hiyo bila intaneti haifanyi kitu. Kadi za harusi tumia Canva. Picha za pasipoti kuna Photopea, inafunguka humo humo kwenye kivinjari na inasoma mafaili ya Photoshop. Hifadhi ya bure ya Google ni GB 15, mafaili ya maandishi tupu huyamalizi leo wala kesho.

Kwenye tafiti utapata shida. Mwaka 2021 nilihangaika na kazi ya shemeji yangu, chuo kinataka kurasa za mwanzo ziwe na namba za Kirumi, Google Docs ikanigomea. Nikamalizia kwenye kompyuta ya jirani.

Printa ndiyo kaburi la wengi. Zamani Google walikuwa na huduma ya kuchapisha kupitia mtandao, wakaifunga 31 Desemba 2020. Printa mpya za waya au wifi nyingi zinakubali, lakini ile ya zamani ambayo CD yake ni ya Windows peke yake, usitegemee. Ya mezani ibaki kwa ajili ya kuprinti: unageuza kazi kuwa PDF, unahamisha kwa flashi.

Sasa na mimi nikuulize. Ni mpya au ya mtumba? Umeshaishika mkononi?

NduguMnyenyekevu:
Kabla ya laptopu, dada yangu, tafakari hiyo kazi yenyewe. Unamwandikia mwanachuo utafiti, kesho anakuwa mganga wetu au mwalimu wa watoto wetu. Mimi nilimfukuza kijana dukani kwangu kwa ombi kama hilo na sijutii.

BintiMwanjelwa:
Kaka NduguMnyenyekevu, mimi nachapa, siandiki. Wanakuja na madaftari yao, mwandiko mwingine hata mwenyewe hausomi.

Mkuu FundiMita ubarikiwe. Ni ya mtumba, nimeishika, iko safi kabisa. Herufi za kwenye kibodi ni ndogo ndogo, na pale pa kufungia herufi kubwa pana alama ya kioo cha kukuzia. Muuzaji aliniwashia tukafungua YouTube, ikacheza bila kukwama. Laki tatu na nusu.

FundiMita:
Ilipowaka, kabla ya kufungua YouTube, uliingia kwa barua pepe yako? Na chini ya skrini palikuwa na maandishi yoyote? Jibu hayo mawili tu.

ShangaziWaIlomba:
Mwanangu jibu hilo swali. Mdogo wangu alinunua simu ya mtumba, kufika nyumbani inadai nywila ya mwenye nayo, mtu yuko Ulaya huko. Hadi leo anawekea glasi ya maji juu yake.

BintiMwanjelwa:
Samahani nilikuwa na wateja.

Tulijaribu barua pepe yangu ikakataa. Muuzaji akasema ni mtandao wa pale dukani ndio mdogo, akabonyeza sehemu ya mgeni ikafunguka vizuri. Chini kuna maandishi ya Kiingereza kwamba inasimamiwa na shule fulani ya Marekani. Akaniambia hiyo ni salamu tu ya walioitumia mwanzo, nikiiunga na wifi nzuri itaondoka yenyewe. Pale chini pia kuna stika iliyokwanguliwa, imebaki nusu, namba zinaonekana.

Na niseme ukweli, nimeshampa laki mbili. Nimekopa kwenye kikoba. Jumamosi ndiyo siku ya kumalizia laki na nusu. Lakini jamani si mtu mbaya, duka lake la siku nyingi, na kwa bei hii nitapata wapi nyingine?

FundiMita:
Dada, usitoe hata mia.

Hiyo si salamu. Shule za Marekani zilinunua hizi mashine kwa wingi sana, hasa 2020 watoto walipokuwa wanasomea nyumbani kwa ajili ya korona. Kila moja inaandikishwa kwenye mfumo wa shule, na msimamizi wa shule ndiye anayepanga nani aingie. Ukiifuta yote ianze upya, ikigusa intaneti tu inajiandikisha tena shule ile ile. Anayeweza kuitoa kwenye orodha ni msimamizi mwenyewe. Shule nyingine zinazitoa kihalali kabla ya kuuza. Hiyo yako haikutolewa, na kama iliibwa wanaweza kuifunga kabisa wakiwa huko huko.

Na hiyo sehemu ya mgeni, ukitoka inafuta kila kitu. Ile kazi bila mtandao niliyokueleza humo haipo. Umeme ukikatika na wifi ikazima, uko pale pale pa sura ya nne.

MtazamaMbali:
Wakuu mnanyweshwa chai na mnaomba kikombe cha pili. Akaunti imefunguliwa jana. Mwanzo "nataka kununua", sasa kashalipa laki mbili. Huyu ama ni muuzaji anatafuta wateja wa Chromebook, ama anatafuta wa kumchangia. Subirini namba ya simu inakuja.

KijanaWaMatola:
Hata mimi nilishtuka. Mama wa steshenari asijue kuhifadhi faili?

ShangaziWaIlomba:
Muuzaji gani anatangaza mali kwa kusema haifunguki? MtazamaMbali kila uzi kwako ni chai. Hata wa yule aliyefiwa ulimwambia alete picha ya kaburi.

MtazamaMbali:
Na aliyefiwa mwenyewe hakurudi tena. Jiulize.

BintiMwanjelwa:
Nimejiunga jana kwa sababu ya shida hii. Sitaki mchango wa mtu. Sikusema nimelipa kwa sababu nilijua mtaniuliza kwa nini sikuuliza kwanza, na mume wangu hajui. Risiti sina, ameandika kwenye karatasi ya daftari jina lake, laki mbili, tarehe, akasaini. Ninayo hapa kwenye droo.

MzeeWaKahawa:
Hiyo karatasi itunze mwanangu, ni ushahidi. Nenda na mtu mzima, msigombane.

FundiMita:
Mzee kasema vema. Nenda na hotispoti ya simu yako, ili hoja ya mtandao mdogo ife. Weka barua pepe yako mbele yake. Ikikataa, omba laki mbili zako. Na yoyote utakayonunua, ukishaingia fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, yaani mfumo wenyewe wa Chromebook, utaona tarehe ya mwisho ya kupata sasisho. Google walitangaza Septemba 2023 kwamba ni miaka 10, ila inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, siku uliyonunua wewe haihusiki.

BintiMwanjelwa:
Nimetoka kuongea naye kwa simu. Pesa anasema ameshaizungusha kwenye mzigo. Ila ana nyingine, hiyo haina maandishi kabisa, niongeze elfu sabini tu. Nimemwambia aniwekee.

FundiMita:
Dada, hiyo nayo uliingia kwa barua pepe yako?

BintiMwanjelwa:
Bado sijaiona.